Nani alisema bongo? Barua moja ya gari la mazutu

Kitenzi cha Kifaransa «rappeler» kina kazi mbili ambazo Kiswahili kimezitenganisha: kuita tena na kukumbusha. Katika mazoezi ya darasani hilo halisumbui, maana sentensi yenyewe huonyesha njia. Lakini nina karatasi moja ya kurasa mbili ambayo imenisumbua miezi mingi. Ni barua ya «rappel» ambayo baba yangu mdogo, anayeishi Bruxelles, aliandikiwa mwaka 2017 kwa sababu ya gari lake la mazutu. Barua ilikaa katika kisanduku cha mbele cha gari, pamoja na kitabu cha matengenezo na risiti za maegesho, ikafika nayo Lubumbashi. Mwenye gari wa leo ni mama yangu mkubwa. Ndiye aliyenikabidhi barua hiyo niigeuze Kiswahili, kwa sababu mimi ndiye wa lugha katika jamaa, na kwa sababu alitaka kujua amenunua nini.

Jina la kampuni iliyotengeneza gari sitalitaja. Barua za namna hiyo zilitoka katika makampuni kadhaa ya Ulaya, na zilifanana kama barua za shule.

Neno moja kwanza. Sisi tunasema mazutu. Dar es Salaam, ambako gari lilishushwa kutoka melini, wanasema dizeli. Letu tulilipata kwa Kifaransa, nacho Kifaransa kilikuwa kimelichukua kwa Kirusi. La wenzetu ni jina la mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyevumbua injini yenyewe. Walimu wa Kiswahili bora wangetaka niandike dizeli, ila anayeomba dizeli kwenye kituo cha mafuta huku kwetu anajulikana papo hapo kuwa ni mgeni. Nitaandika mazutu.

Wengi wanakumbuka kisa kikubwa kilichozaa barua hizo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walifunga vipimo kwenye bomba la moshi la magari machache ya mazutu, wakayaendesha barabarani badala ya kuyaacha katika maabara. Gari moja walilipeleka kutoka Los Angeles mpaka Seattle na kurudi. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2014 yalionyesha kwamba gari moja la Volkswagen, likiwa barabarani, lilitoa oksidi za nitrojeni mara 15 mpaka 35 kupita kiwango cha sheria, ingawa katika maabara lilikuwa limefaulu. Tarehe 18 Septemba 2015 Shirika la Marekani la Kulinda Mazingira liliishtaki kampuni hadharani, na siku tano baadaye mkurugenzi mkuu wake, Martin Winterkorn, akajiuzulu. Kampuni ilikubali kwamba magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu ile, milioni 8.5 kati yake yakiwa Ulaya.

Programu yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu ndiyo iliyomshangaza mama mkubwa kuliko tarakimu zote. Katika maabara gari hupandishwa juu ya roli. Magurudumu yanazunguka, usukani haugeuki. Kompyuta ya gari inatazama usukani, mwendo, muda ambao injini imewaka na kanieneo ya hewa, kisha inatambua: leo tunapimwa. Hapo inawasha usafishaji wote wa moshi. Mtihani ukiisha na gari likirudi barabarani, inaulegeza. Nilipomaliza kumweleza hayo, mama mkubwa aliweka chini kikombe chake akauliza: «Motokari njo ilisema bongo, ao ni bantu?»

Wasomaji wetu wa Tanzania (najua tunao wawili watatu) wasidhani anazungumzia mji wao. Lubumbashi bongo ni uongo. Aliuliza kama ni gari lililosema uongo, au ni watu. Hilo ni swali la mtenda, lile tunalofundishwa mwaka wa kwanza: katika tendo hili, nani anatenda na nani anatendwa? Nilirudi kwenye barua kutafuta jibu, na humo ndani sikukuta mtu hata mmoja.

Sentensi ya kwanza, kwa tafsiri yangu, inasema: «Gari lako linahusika na kazi ya kurekebisha.» Kifaransa chake ni «est concerné». Kitenzi chetu cha kuhusika kinafaa mno hapo, kwa kuwa nacho hakimtaki mtenda. Jambo linahusika lenyewe, kama vile chai inavyonyweka na mlango unavyofungika. Sentensi ya pili: «Imegunduliwa kwamba programu ya injini inaweza kuathiri kiasi cha oksidi za nitrojeni.» Imegunduliwa na nani? Kiswahili kina neno dogo la kumfichua mtenda katika kauli ya kutendwa, nalo ni «na»: mtoto alipigwa na mwalimu. Katika kurasa mbili zile nimetafuta «na» ya namna hiyo bila kuipata. Tena «inaweza kuathiri» ni heshima ya ajabu kwa programu iliyoandikwa ili iathiri.

Jaribu sasa kitenzi ambacho barua ilikikwepa. Gari limedanganya: sentensi nzuri kisarufi, lakini gari halina nia. Gari limedanganywa: hapana. Gari limedanganyishwa, limefanywa lidanganye: hapo tunakaribia, maana kiambishi cha kusababisha kinamleta mtu mlangoni hata kama hatajwi. Mkaguzi alidanganywa. Mwenye gari alidanganywa, na yeye kwa kila kilomita aliyoendesha akawadanganya jirani zake bila kujua. Shina moja la kitenzi, nalo linatupa kisa kizima pamoja na wahusika wake. Waandishi wa barua walichagua kuhusika.

Halafu linakuja neno lenyewe la kuitwa. Nilipotafsiri «rappel» kwa «mwito wa kurudisha gari», mama mkubwa alinikatiza: «Banamuita? Alifanya nini?» Kwetu mtu haitwi bure. Unaitwa na mkuu wa shule, na polisi, na wazee wa jamaa kunapokuwa na neno. Karatasi ya mwito ikifika nyumbani, jirani wanaiona, na aliyeitwa ndiye mwenye kesi mpaka kesi itakapokwisha. Niliona kwamba sikio lake, lililozoea ofisi za hapa, lilisikia jambo ambalo Mfaransa halisikii tena katika neno lake: aliyedanganywa ndiye anayeitwa. Ndiye atakayeomba ruhusa kazini, apeleke gari gereji, alisubiri na kurudi nyumbani na hati yenye mhuri.

Baba mdogo alilieleza kwa njia ile ile katika ujumbe wa sauti alionitumia, ingawa yeye hajali sarufi. Naandika hapa hoja zake kwa sababu ni hoja za mwenye gari, na wanaotunga sheria huzisikia kwa nadra. Alinunua gari la mazutu, anasema, kwa kuwa serikali yenyewe ilimshawishi. Kwa miaka mingi kodi ya mazutu Ubelgiji ilikuwa chini ya ile ya petroli, na wakubwa walisema injini hiyo hutoa kaboni dioksidi kidogo kwa kila kilomita, jambo ambalo ni kweli. Zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa nchini humo siku hizo yalikuwa ya mazutu. Alikuwa anafanya kazi ya usafi usiku katika majengo mawili yaliyo mbali, akahesabu mafuta, akachagua. Kisha ikaja barua. Gereji ilibadilisha programu kwa muda usiofika saa nzima, bure. Baada ya hapo gari likaanza kunywa mafuta zaidi, na mwaka uliofuata valvu inayorudisha moshi ndani ya injini ikaziba masizi. Valvu hiyo aliilipia mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba marekebisho na ubovu vilikuwa ndugu.

Kilichomuuma zaidi ni kulinganisha. Wenye magari ya Volkswagen Marekani, kwa mapatano ya mwaka 2016, waliweza kuiuzia kampuni gari lao lile lile, na juu yake wakalipwa kati ya dola 5,100 na 10,000. Ujerumani iliwabidi wengi wasubiri mpaka 2020, na waliojiunga na mapatano wakapata kati ya euro 1,350 na 6,257. Yeye, kwa gari la kampuni nyingine na katika nchi nyingine, alipata kalenda yenye picha ya milima. Moshi mmoja, anasema, bei tatu.

Na sheria zikaendelea kumfuata yeye. Tangu tarehe 1 Januari 2018 Bruxelles ina eneo la moshi mdogo: kamera husoma namba ya gari, na wakati huo gari lisiloruhusiwa lilipigwa faini ya euro 350. Mwaka 2020 ilikuwa zamu ya mazutu ya kiwango cha Euro 3, na 2022 ya Euro 4. Gari lake ni Euro 5, akajua foleni inaelekea wapi. Kwa hiyo alifanya anachofanya kila mtu mwenye jamaa upande huu: alipiga simu nyumbani.

Mimi sikubaliani na baba mdogo katika yote. Yeye akisema «sheria» anamaanisha usumbufu, na hapo anamsahau mtoto wa jirani mwenye pumu. Oksidi za nitrojeni si hadithi ya wanasiasa. Zinawasha mapafu, na hewani huzaa ozoni na vumbi laini. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba moshi wa mazutu uliozidi viwango ulihusiana na vifo vya mapema kama 38,000 katika mwaka 2015 peke yake. Watafiti walihesabu katika masoko 11 makubwa ya magari. Niliyasoma majina ya masoko hayo moja moja, na hakuna hata nchi moja ya Afrika. Siwalaumu, walihesabu palipo na magari mengi na takwimu. Lakini gari lililomo ndani ya hesabu ile mwaka 2015 leo linapakia mafuta ya kula, sabuni na unga kati ya Kasumbalesa na Lubumbashi, na ni gari lile lile, na namba ya chasi haijabadilika.

Katika kusoma kwangu kuhusu jambo hili nilifikia hukumu moja ambayo ilinifanya nisimame na kuzunguka chumba. Sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 715 ya mwaka 2007, inakataza kile ambacho Kifaransa cha kisheria kinakiita «dispositif d'invalidation», yaani chochote ndani ya gari kinacholegeza usafishaji wa moshi katika matumizi ya kawaida. Inaruhusu kisingizio kimoja kikubwa: kuilinda injini isiharibike ghafla na gari liende salama. Tarehe 14 Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi katika kesi tatu zilizotoka Austria, zote za magari ya Volkswagen. Programu iliyobishaniwa ilisafisha kikamilifu pale tu joto la nje lilipokuwa kati ya digrii 15 na 33, na gari likiwa chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Katika mojawapo ya kesi hizo, programu hiyo ndiyo iliyoletwa na marekebisho yenyewe, yale ambayo mwenye gari aliitwa aje kufanyiwa. Mahakama iliona kwamba Austria na Ujerumani baridi ni jambo la kila siku na milima haikosi, basi kanuni haiwezi kukubali usafishaji ambao karibu mwaka mzima uko likizoni.

Sasa, Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi. Kolwezi na Likasi nazo ziko juu ya mita 1,000. Gari letu halikuwa miongoni mwa yale yaliyofikishwa mahakamani, na sidai kwamba ndani yake mna mpaka huohuo. Nasema tu kwamba mahali fulani mhandisi alichora mstari kwenye mita 1,000, akaandika kwamba juu yake hali si ya kawaida. Sisi tunazaliwa juu ya mstari huo. Tunakwenda shule, tunaoa, tunazikwa huko. Kwa programu ile Katanga ya juu nzima ni kisingizio. Majaji waliwatetea wenye magari wa milima ya Austria kwa kuuliza swali rahisi: kawaida ya nani? Ningependa kuona mtu akiliuliza swali hilo kwa ajili ya barabara ya Kasumbalesa.

Najua nitakavyojibiwa, kwa maana nimeshajibiwa katika ua wa kitivo. Kwamba barabara hiyo ina malori ya madini yasiyohesabika, foleni za siku nzima na injini zikiunguruma. Kwamba mji wetu una bomba la kiwanda cha shaba kama alama yake, na babu zetu walivuta moshi wake. Kwamba gari moja dogo la mama mmoja ni tone. Ni kweli, ni tone. Lakini ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2020 ilihesabu magari madogo yaliyotumika milioni 14 yaliyouzwa nje na Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na asilimia 80 hivi yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi ilipatana juu ya kiwango cha Euro 4 kwa magari yanayoingia tangu 2021. Kwa hiyo hata kwetu si ndoto kumwuliza anayeingiza gari: moshi wake ukoje?

Karatasi za gari letu nimezisoma zote, za bandarini na za mpakani. Zinauliza mwaka wa kutengenezwa, ujazo wa injini, rangi, thamani, namba ya chasi. Namba ya chasi iliandikwa mara sita. Kwa namba hiyo mtengenezaji anaweza kujua kwa dakika moja kama gari liliitwa na kama liliitikia. Hakuna ukurasa ulioliuliza hilo, na fundi wetu hapa, ambaye ni hodari, hana mashine ya kuisoma programu wala kibali cha kuigusa. Yeye alipendekeza jambo jingine: kuiziba kabisa ile valvu inayosumbua kwa kipande cha bati. Gari litapumua vizuri, alisema, na litapunguza kunywa. Ni kazi ya nusu saa na inafanywa kila siku. Mama mkubwa aliniangalia mimi. Nilimweleza kwamba bati hilo, kwa lugha ya Ulaya, nalo ni «dispositif d'invalidation», ila lenyewe halidanganyi mtu yeyote, maana huku hakuna anayepima. Fundi alicheka sana. Mama mkubwa hakucheka. Aliuliza bei ya valvu mpya.

Ilipatikana valvu iliyotumika kidogo, kutoka gari lililogongwa, kwa bei ambayo angenunulia magunia kadhaa ya unga. Hatukukubaliana kama alifanya vizuri. Yaya yangu anaona amepoteza fedha kwa ajili ya hewa ambayo malori yataichafua kabla ya saa sita mchana. Mama mkubwa anasema anao wajukuu wanaopanda nyuma, karibu na bomba.

Tafsiri nilimaliza mwezi wa tatu. Nimeandika «mwito wa kurudisha gari», kwa kuwa sikuona sababu ya kumpunguzia msomaji uchungu uliomo. Mahali pa «imegunduliwa» nimeacha vile vile bila mtenda, kwa sababu mtafsiri hana ruhusa ya kuongeza aliyefichwa na mwandishi. Lakini pembeni, kwa kalamu ya risasi, nimeandika: na nani?

Nyuma ya ukurasa wa pili palikuwa na kadi ya kukata, ambayo mimi niliiruka nikidhani haina kazi tena. Mama mkubwa ndiye aliyetaka aisomewe. Inasema: ikiwa gari si lako tena, tafadhali tuandikie jina na anwani ya mwenye gari mpya. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Mwenye motokari sasa ni nani? Haiko miye?» Tukaijaza mezani siku ile ile. Jina lake lote, la ubatizo na la ukoo. Barabara, namba ya kiwanja, komini, Lubumbashi. Kadi haikuwa na mahali pa kuandika nchi, nikaiongeza chini kwa herufi kubwa. Penye msimbo wa posta aliniambia nipige mstari. Binamu yetu anasafiri kwenda Bruxelles mwezi ujao, naye ameahidi kuitia posta huko, kwa stempu ya Ubelgiji.